Kiazi Kikiiva, Udongo Umeiva

Tarehe 2 Februari

Shangazi, shikamoo.

Watu wanaoujua udongo duniani ni wawili tu: Aliyeuumba, na mimi. Na Yeye, kwa heshima zote, hajawahi kuupika. Mimi nitaupika wiki hii, kwa hiyo tutaona nani ataongoza.

Usianze kununa, natania. Jicho linaendeleaje? Nimesikia ulimwambia daktari hakusogelei na kisu mpaka anawe mikono mbele yako. Maskini, nusura akuombe umfundishe kazi.

Basi niko nyumbani kwako. Siku ile ulinikabidhi ufunguo mlangoni pa tanuru la mikate ninapofanya kazi, gari linakungoja linapiga honi, ukasema mambo manne kwa pumzi moja: pika udongo wa mwaka jana, otesha pilipili za Bibi, ufunguo usimpe mtu, andika barua. Nikauliza kwa nini nisipige simu. Ukajibu kwamba kwenye simu nina maneno mengi, lakini kwenye karatasi uongo wangu unaonekana mpaka miguu. Haya, karatasi hizi hapa. Mtu aliyeacha shule zikiwa zimebaki wiki mbili afanye mtihani wa darasa la saba, leo anaandikishwa barua kama karani. Ukiona herufi imekosewa, jua ni kalamu.

Chumba chako cha miche nimekikuta vilevile: rafu tatu dirishani, taa ndefu juu ya kila rafu, trei zimepangwa kama sahani za hoteli inayongoja wageni. Ndoo sita za udongo wa mwaka jana ziko chini ya meza. Nimetia mkono kwenye moja nikatoa mizizi mikavu, kipande cha kijiko, na mdudu mmoja mweupe, mnono, amejikunja kama mtu anayesinzia kazini. Shangazi, dukani kuna udongo mpya kwenye mifuko, mweusi, laini kama keki. Kwa nini sisi tunapika makombo?

Mbegu za Bibi nimezihesabu. Ziko ishirini na mbili ndani ya kile kichupa cha dawa ya kikohozi. Mara ya kwanza nilipata ishirini na moja, nikapekua meza nzima. Kumbe moja ilikuwa imening'ang'ania kwenye kidole gumba.

Sasa niambie, udongo unapikwaje? Si kwamba sijui. Nataka kuona kama tunakubaliana.

Wako,
Fundi Mkuu wa Tanuru (Bosi bado hajaarifiwa)


Tarehe 5 Februari

Mwanangu Kiherehere, marahaba.

Anayeandika ni dada yako, binti yangu, mimi nasema tu. Jicho moja limefungwa, la pili linangoja zamu yake. Daktari amenikataza kuinama, kunyanyua ndoo na kukaa penye vumbi. Maana yake amenikataza kuishi. Na usimtanie Muumba kwenye barua inayosomewa mgonjwa.

Sikiliza, na usiruke hata neno moja. Udongo hautupwi. Udongo si nguo ukachakaa. Huwa unachoka na unachafuka, basi. Uchovu wake hauna neno, kwa sababu mbegu huja na chakula chake tumboni, siku za mwanzo haimwombi mtu. Uchafu ndio unaoua. Yule mdudu wako mnono mtoe, lakini wanaotuangusha sisi ni wale usiowaona.

Mwaga udongo kwenye turubai. Vunja mabonge, toa mizizi yote, halafu upitishe kwenye chekeche. Unyunyizie maji mpaka ukiufinya ushikane, lakini usidondoshe tone. Utandaze kwenye trei ya bati, kina chake vidole vinne, si zaidi. Katikati fukia kiazi mviringo, kidogo, cha ukubwa wa yai. Funika, tia kwenye moto wa taratibu. Kiazi kikiiva, udongo umeiva. Mama yangu hakuwa na kipimo kingine na mimi sina. Usiuunguze, ukiungua unageuka sumu. Ukitoka, uache upoe hukohuko ndani ya kifuniko chake. Trei za miche zisugue kwa sabuni na dawa ya madoa. Mikono yako vilevile, najua inapita wapi.

Udongo uliopikwa umekufa, na ndivyo tunavyoutaka. Mbegu changa ni mtoto mchanga, haihitaji majirani.

Zile ishirini na mbili ndizo za mwisho, mwanangu. Zina miaka minne. Tangu nizichume sikuziotesha kwa ajili ya macho haya, nilibaki na mchicha tu, na mwakani hazitaamka tena. Pilipili ya Mama haiko dukani wala haiko kwa mtu mwingine yeyote. Isipotoka mwaka huu, imekwisha.

Ndugu zako wamekuzidi kusoma, na kila mmoja angefurahi kushika ufunguo ule. Nimekuchagua wewe kwa sababu nimekuona unavyokanda unga. Unausikiliza kwa vidole. Mtu wa namna hiyo katika ukoo wetu nilidhani niko peke yangu.

Shangazi yako

(Hapa ni mimi, dada yako. Hayo ya mwisho aliyasema kwa sauti ndogo akidhani siyaandiki. Halafu hicho kiazi usikile.)


Tarehe 9 Februari

Shangazi, shikamoo. Dada, na wewe hujambo, karani wa watu.

Kazi imekwisha na historia imeandikwa. Jiko lako halina tanuru, na sufuria yako kubwa ina tundu chini, umeliziba kwa sabuni ukadhani hatutaona. Kwa hiyo nikawaza kama mwanaume. Tanuru letu, mkate wa mwisho ukishatoka saa sita mchana, moto huwa unashuka polepole wenyewe. Moto wa taratibu wa kuushinda huo uko wapi? Na juzi Bosi alikuwa amekwenda kufuata unga.

Nilivunja mabonge, nikatoa mizizi, nikachekecha. Chekeche ilikuwa ya unga, lakini niliiosha. Niliiosha baadaye. Trei tano, vidole vinne kila moja, na kiazi katikati ya ile kubwa. Nikafunga mlango nikakaa nje kama askari.

Ulisema mengi, Shangazi, ila harufu hukuitaja. Ilitoka harufu kama ghala lililofungwa na beberu ndani tangu mwaka jana. Ilitoka kwa mlango, ikatoka kwa bomba la moshi, ikafika mpaka kwa mshonaji, jirani yako, akaja kuniuliza kama tumefiwa na panya. Hapo ndipo Bosi akarudi.

Akasimama mlangoni ameziba pua.

“Umepika nini humu?”

“Udongo.”

“Wa nani?”

Shangazi, ilibidi nikutaje. Nikamwambia wako. Akakaa juu ya gunia. Nikatoa trei ili aone ni kazi ya maana, nikamwonyesha kiazi, uma ukapita bila kupiga hodi. Kilikuwa kimeiva sawasawa. Nikageuka kufunika trei nyingine, na nilipogeuka tena Bosi alikuwa amekimenya, amekitia chumvi, na nusu yake iko tumboni. Akasema hajala tangu asubuhi na kiazi ni kitamu. Sikumwambia kililala wapi. Unadhani aliuliza?

Jana asubuhi mteja alirudisha skonzi akitaka kujua kama siku hizi tunakanda kwa maji ya mtaro. Nimesugua tanuru mara mbili na nimefungiwa nisilikaribie peke yangu mpaka mwisho wa mwezi. Fundi yeyote mkubwa lazima ateswe kwanza.

Trei nilizisugua, mikono pia, mpaka kwenye viwiko. Udongo ulipopoa niliuchanganya wote pamoja, na mwishoni kabisa nikaongeza jambo moja dogo la ufundi wetu wa tanuru. Hilo ni siri ya fundi, usiulize. Mbegu zote ishirini na mbili nimezilaza jana jioni, kila moja kwenye shimo lake, na udongo uliobaki nimeufunika kwenye ndoo mpya.

Kula vizuri. Usimtese daktari.

Mfalme wa Udongo Uliopikwa


Tarehe 12 Februari

Mwanangu,

Mwambie Bosi wako namwomba radhi, nikirudi nitakuja mwenyewe.

Jambo dogo gani? Nimepika udongo miaka thelathini na sijui chochote kinachoongezwa mwishoni. Nijibu.

Shangazi yako

(Nilimsomea kliniki. Amecheka kuhusu kiazi mpaka nesi akaja kumtuliza, eti jicho lisitikisike. Lakini hilo swali amelirudia mara tatu, na alipokuwa analirudia hakuwa anacheka. Dada yako.)


Tarehe 26 Februari

Shangazi, shikamoo, halafu kaa chini. Kama umeshakaa, simama.

Kumi na tisa!

Kumi na tisa kati ya ishirini na mbili, na mbegu zina miaka minne. Hata wewe hujawahi, sema kweli. Wa kwanza ulitoka Jumatano umeinama, kama mtu anayetafuta ndala chini ya kitanda. Nilipotoka kazini ulikuwa umenyanyua kichwa na ganda la mbegu bado limeukalia kama kofia. Nilitaka kumvua kofia nikakumbuka vidole vyangu, nikaacha. Kesho yake sita. Ijumaa nikashindwa kwenda kazini kwa wakati, nilikuwa naita majina. Ndiyo, nimewapa majina. Yule mrefu anaitwa Bosi kwa kuwa hajui kuinama.

Maji nawapa kwa chini, kwenye sinia, kama unavyofanya wewe. Taa nawasha alfajiri nikienda kazini, nazima nikirudi. Mtu akipita dirishani anadhani humu kuna ofisi.

Kuhusu lile jambo dogo, naona linakunyima usingizi. Niliuimbia. Udongo ulipokuwa unapoa niliuimbia wimbo mmoja mpaka mwisho. Ndiyo hilo.

Baba wa watoto kumi na tisa


Tarehe 2 Machi

Mwanangu,

Umeuimbia wewe? Sasa nimejua kwa nini wale watatu walikataa kutoka.

Barua yako imesomwa mara mbili, na mara ya pili niliiomba mimi. Jicho la kwanza limefunguliwa. Kitu cha kwanza nilichokiona vizuri ni dari ya dada yako, ina utando wa buibui, nimemwambia.

Kumi na tisa. Mimi mwaka ule wa mwisho wa kuotesha nilipata kumi na nne kwa mbegu mpya. Sisemi zaidi ya hapo, usije ukapasuka.

Nitarudi mwisho wa mwezi. Ikizaa, nitakufundisha kuchagua tunda la kuacha likauke na kuhifadhi mbegu zake. Hilo sijamfundisha mtu. Nilikuwa najiambia nitamwachia nani, nikanyamaza. Sasa sinyamazi.

Wasikae na maji kupita kiasi.

Shangazi yako


Tarehe 8 Machi

Shangazi, shikamoo.

Huku wazima. Mvua zimekuwa nyingi na baridi imeingia ndani ya nyumba. Miche mitatu imelala kidogo. Nadhani ni baridi. Au yule paka wa mshonaji, amezoea kukaa dirishani. Bosi (yule wa tanuru) anasema watoto wakikua haraka hulegea, ni kawaida.

Umesema unarudi tarehe ngapi hasa? Usikimbilie. Dari ya Dada ni ndefu, ina utando mwingi.

Mpwa wako


Tarehe 11 Machi

Kiherehere, barua yako ni fupi na haina jina la kujisifu chini. Nimeogopa.

Mche haulali, hulazwa. Angalia shingo yake pale unapoingia udongoni. Kama pamenyong'onyea, pamekuwa pembamba kama uzi uliolowa, na rangi imegeuka kahawia, hiyo si baridi wala paka. Ni uchafu wa udongo. Na unatembea, leo watatu, kesho watano. Hausubiri barua.

Fanya hivi leo. Iliyolala ing'oe na udongo wake, itupe mbali. Iliyosimama inyanyue mmoja mmoja kwa kijiko kilichochemshwa, ushike jani, usishike shingo. Ipande kwenye trei iliyosuguliwa upya, ndani ya ule udongo uliobaki kwenye ndoo mpya. Huo umepikwa na haujaguswa, ndio salama yao. Maji usiwape siku mbili. Fungua dirisha hewa ipite.

Sielewi umeingiaje. Kiazi kiliiva, si ndiyo? Nieleze kila kitu, hata unachoona hakina maana. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini ukiniambia nyoka yuko wapi nitakuelekeza.

Shangazi yako


Tarehe 19 Machi

Shangazi, shikamoo.

Kiazi kiliiva. Bosi ni shahidi.

Nilifanya ulivyosema, neno kwa neno. Kijiko nilikichemsha. Nilishika majani. Nilihamisha kumi na mbili kwenye udongo wa ile ndoo mpya, maji sikuwapa, dirisha nililiacha wazi mpaka nikawa natetemeka mimi.

Siku ya tatu wakaanza tena. Shingo ni vile ulivyosema, kama uzi.

Leo wamebaki wawili.

Mpwa wako


Tarehe 23 Machi

Mwanangu,

Hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Macho yote mawili yamefunguliwa. Mistari inapanda na kushuka lakini ni yangu, dada yako hajaiona.

Nimekaa nikifikiri. Mbegu hazikuwa mbovu, maana ziliota. Maji ulipunguza. Trei ulisugua. Udongo ulipikwa na kiazi kikaiva, na nilipokuambia uwakimbize kwenye udongo uliopikwa, wamekufa ndani ya huohuo. Nimezunguka kila upande nikarudi palepale. Kama miche inakufa ndani ya udongo uliopikwa kama nilivyosema mimi, basi nilichodhani nakijua sikukijua. Miaka thelathini labda ilikuwa bahati, na bahati haina adabu, huondoka bila kuaga.

Sikulaumu hata kidogo. Wewe ulitii. Aliyekuambia ndiye aliyekosea, na amekosea kwa mbegu za mwisho za mama yake.

Rafu na taa mpe atakayezitaka. Mshonaji aliwahi kuziulizia. Udongo umwage nyuma ya nyumba, na ufunguo mpe baba yako. Mimi nitakaa huku. Dada yako ana nafasi.

Ulijitahidi, mwanangu. Ahsante.

Shangazi yako


Tarehe 24 Machi

Mdogo wangu,

Mama hajui kwamba nakuandikia.

Macho yamepona. Daktari amesema yuko huru kurudi hata kesho, na ainame atakavyo. Asiyetaka ni yeye. Juzi aliniuliza kama kile chumba cha watoto wangu kinaweza kuwa chake, na kama watoto watachukia. Aliuliza kwa adabu, kama mgeni. Unamjua Mama, lini aliwahi kuuliza kitu kwa adabu?

Jana nilimwekea mbele chungu changu cha maua yaliyokauka, makusudi, ili anitukane. Hawezi kupita penye mche mkavu bila kumsema aliyeuacha. Akakisogeza pembeni apate nafasi ya kuweka kikombe.

Mimi sijui mambo ya udongo. Ila nimesoma barua zako zote kwa sauti, moja baada ya nyingine, na mtu anayesoma kwa sauti husikia. Ule wimbo wako sikuuamini hata siku niliyousoma. Kama kuna kitu, mwambie yeye, usiniambie mimi. Sasa anasoma mwenyewe.

Dada yako


Tarehe 29 Machi

Shangazi, shikamoo.

Mshonaji alikuja kuchukua rafu. Alikuja na mwanawe na mkokoteni. Nikamwambia zimeoza. Akaniambia anaziona, hazijaoza. Nikamwambia zimeoza kwa ndani. Ameondoka amekasirika, na mimi nimekaa mezani tangu mchana nachana karatasi. Hii ni ya tano. Nne za kwanza zilianza kwa utani.

Nianze na lililo zuri, maana ni moja tu. Tarehe ishirini, siku moja baada ya kukuandikia kwamba wamebaki wawili, nilikwenda kwa Bosi nikamwomba tanuru. Akakataa. Nikamwomba tena, sikumfanyia mzaha, akaniangalia akauliza kama naumwa. Akaruhusu kwa sharti asimame hapohapo. Nikachukua ndoo ya mwisho, ile ambayo sikuwa nimeipika, nikarudia yote kama ulivyoniandikia. Barua yako niliibandika ukutani kwa unga na maji. Kiazi kilipoiva, Bosi alinyoosha mkono, nikamwambia safari hii kilitoka wapi. Akauliza na safari ile? Nikamsogezea kata ya maji. Alinawa mdomo kwa muda mrefu sana.

Udongo ulipopoa ndani ya kifuniko chake, sikuufanya kitu. Nikapanda wale wawili. Mmoja alikuwa ameshaumia shingo, hakufika kesho yake. Mwingine amesimama mpaka leo, siku ya tisa. Jana ametoa jani la tano na shingo yake ni ya kijani mpaka chini, nimeangalia kwa tochi. Ni mmoja tu, Shangazi. Sijampa jina.

Umeona sasa? Udongo wako, njia yako, kiazi chako. Amesimama. Kwa hiyo ile hesabu uliyozunguka nayo kila upande ukarudi palepale, hukuikosea wewe. Kuna kitu ndani yake sikukupa.

Kwetu kwenye tanuru, unga wa leo ukikandwa, Bosi hukata donge la unga wa jana akalitia ndani. Ndiyo chachu yetu. Siku yangu ya kwanza kazini nililisahau, mikate ikatoka kama matofali, akaniambia nishike neno hili: unga usiotiwa donge la jana ni maiti, hauinuki. Nimelishika hilo kuliko chochote nilichofundishwa shuleni. Na wewe ukaandika kwamba udongo uliopikwa umekufa. Ulisema ndivyo tunavyoutaka, nililisoma hilo, nikalisoma tena. Lakini nilipofunua zile trei, udongo umepoa, hauna harufu, hauna hata mdudu mmoja wa kunitania, nikaona mbegu za Bibi nitazilazaje juu ya maiti. Nikaona huenda umesahau. Nikaona mimi ndiye mwokaji.

Nikaenda kwenye ndoo ambayo haijapikwa, nikachota konzi tatu, nikatia kwenye ule uliopikwa, nikakanda kama unga mpaka ukaenea wote. Wa trei na ule uliobaki kwenye ndoo mpya. Kwa hiyo uliponiambia niwakimbize kule, niliwatoa motoni nikawatia motoni, na nilijua.

Siku ile uliyoniuliza jambo dogo ni lipi, bado nilidhani ni ujanja, nilitaka uone kwanza kisha nikuambie. Walipotoka kumi na tisa nilikaribia kukuambia kwa kujisifu. Halafu tarehe sita mmoja ukalala. Niliinama nikaangalia shingo, na sikuhitaji mtu wa kunieleza. Nilipokuandikia ni watatu, walikuwa saba. Hakukuwa na paka.

Sikuogopa ugomvi wako, ugomvi wako naujua, nimekulia ndani yake. Ulikuwa umeandika kwamba nasikiliza kwa vidole. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kitu cha namna hiyo, mimi huwa najisifu mwenyewe ili kuziba pengo. Nikaona nikisema, utalifuta.

Rafu ziko mahali pake. Ufunguo sijampa Baba. Ukija, ukiutaka utauchukua kwangu, na ukitaka nisirudi tena kwenye chumba kile, sitarudi. Lakini njoo.

Mbegu zinakufa, hata wewe zimewahi kukufia. Lililoharibika kweli ni jingine. Barua yako ya tarehe ishirini na tatu ilinifika tarehe ishirini na tano. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaona unavyoichambua kazi yako kipande kwa kipande ukitafuta ulipokosea, na unaniambia ahsante. Nilikuwa na jibu mkononi. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikaenda kazini, na kwa siku nne nimekuacha uamini kwamba ni wewe.

Mtoto wa kaka yako